Mkonga wa 1HZ au ule mpya wa 2.8? Jibu kwa dada wa Mpanda

Swali: Shikamoo fundi. Mimi nanunua mpunga na asali vijijini, Mlele na Tanganyika, nashusha Mpanda mjini, na mara mbili kwa mwezi nateremka Karema ziwani. Hilux yangu imechoka. Nimepata Land Cruiser mkonga (ile yenye bomba la kuvutia hewa lililopanda pembeni ya kioo), pikapu ya kebini moja, ya mwaka 2013, injini 1HZ, inauzwa na mtu aliyeichukua kwenye mnada. Shemeji yangu ananihimiza niongezee mkopo nichukue ile yenye sura mpya, injini 2.8, otomatiki. Anasema kununua leo injini iliyobuniwa mwaka 1990 ni kurudi nyuma. Dereva wangu anasema nisithubutu kununua mpya. Nimsikilize nani?

Marahaba, dada yangu. Msikilize dereva wako. Lakini usimsikilize kwa sababu tu ameizoea ya zamani, maana mazoea yamewagharimu watu wengi pesa. Na shemeji yako usimpuuze, kuna mambo anayoyasema ambayo ni kweli tupu. Nianze na hayo.

1HZ ilianza kutengenezwa mwaka 1990. Ina silinda sita, cc 4,164, haina tabo (kifaa cha kuisukumia injini hewa ya ziada), na inatoa kilowati 96 na nguvu ya kuvuta ya nyutoni-mita 285. Ile ya sura mpya, yenye taa za duara, Toyota waliitangaza Agosti 2023. Injini yake ni 1GD, silinda nne, cc 2,755, ina tabo, na kwa gia sita za otomatiki inatoa kilowati 150 na nyutoni-mita 500. Yaani injini ndogo kwa theluthi moja inavuta karibu mara mbili. Pandisha zote mbili mlima zikiwa na tani moja mgongoni, 1HZ itarudi gia ya tatu, pengine ya pili, na foleni nyuma yako itakuwa ndefu. Ya 2.8 itapanda kama haina kitu. Hapo shemeji hajakosea.

Ila ukilala chini ya magari hayo mawili na tochi, utaona kitu ambacho picha za tangazo hazionyeshi. Chesesi ni ileile ya ngazi. Mbele kuna ekseli nzima yenye springi za koili, kama ilivyo tangu pikapu hii, inayoitwa 79, ilipotoka mwaka 1999, na nyuma springi za majani. Kilichobadilika ni moyo, ubongo na uso. Mifupa ni ya zamani. Kwa hiyo usidhani ukinunua mpya utapata gari lenye uwezo mkubwa zaidi wa kuhimili mashimo ya Karema. Mifupa ndiyo inayohimili mashimo, na hiyo unaipata kwenye yote mawili.

Sasa tuje kwenye kinachoyatenganisha kwa mtu wa kazi yako, nacho ni mafuta.

Nozeli ya 1HZ, yaani kile kinachopuliza dizeli ndani ya injini, inafunguka kwa shinikizo la baa kama 150. Pampu yake ni ya chuma na springi, inazungushwa na injini yenyewe. Kwenye 2.8 mafuta yanasukumwa kwenye reli moja yenye shinikizo linalopita baa 1,500 injini ikivuta mzigo, na nozeli zinafunguliwa na kompyuta kwa vipande vidogo sana vya sekunde, mara kadhaa kwenye kila mwako mmoja. Ndiyo maana injini ndogo inatoa nguvu nyingi, inanyamaza na haili mafuta. Lakini ili kuhimili shinikizo hilo, vyuma vya ndani ya pampu na nozeli vimekaribiana kuliko unene wa unywele, na kinachovilainisha ni dizeli yenyewe. Tone la maji likipita hapo, chuma kinakwaruza chuma. Vumbi laini likipita, ni kama umetia msasa.

Najua utaniambia dizeli ya siku hizi ni safi. Kweli, nchi za Afrika Mashariki zilihamia kwenye dizeli yenye salfa kidogo, isiyozidi sehemu 50 kwa milioni, tangu mwaka 2015, na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, walianza kuweka vinasaba (alama ya kutambulisha mafuta halali) kwenye mafuta mwaka 2010 ili kukamata uchakachuaji. Kwenye kituo kikubwa cha mjini mimi mwenyewe najaza bila wasiwasi. Lakini wewe hujazi mjini tu. Utafika kijiji ambacho dizeli inatoka kwenye pipa, inamiminwa kwa ndoo na kitambaa. Pipa likisimamishwa nje wakati wa mvua, maji yanatuama pale juu, kuzunguka kizibo. Mchana chuma kinapata joto, hewa ya ndani inatanuka na kutoka. Usiku pipa likipoa linavuta hewa tena, na kwa kuwa kizibo kimezamishwa kwenye maji, linanyonya maji. Hakuna mtu aliyechakachua hapo. Mwenye pipa ni mwaminifu na hajui lolote.

Nimeliona hilo kwa macho yangu Chunya, kwa wachimbaji wadogo, mvua zikiwa zimekolea. Pikapu mbili zilijazwa kutoka pipa moja. Moja ilikuwa mkonga wa 1HZ, nyingine pikapu ya kisasa ya kampuni nyingine, yenye reli, haijamaliza hata miaka miwili. Zote zilikwama kabla ya kufika lami. Kwenye 1HZ nililegeza kizibo cha chini cha filta, nikakingia kopo, yakatoka maji ya rangi ya chai kama nusu glasi. Nikafunga, nikapampu kwa mkono ile pampu ndogo iliyo juu ya filta mpaka ikawa ngumu kusukuma, nikalegeza nati za mabomba ya nozeli moja baada ya nyingine kutoa hewa, dereva akapiga stata. Ikatoa moshi mweupe, ikakohoa, ikatulia. Tulitumia kama dakika arobaini, nyingi za hizo tukitafuta spana ya 17. Ile nyingine nayo tulimwaga maji ya filta, ikawaka, lakini taa ya injini ilibaki na gari likajifunga lisipande mwendo. Kompyuta ilikuwa inajilinda, na ilikuwa na haki ya kujilinda. Lilivutwa mpaka Mbeya. Nozeli zote nne zilikuwa zimeharibika, na pampu ilikuwa imeanza kutoa unga wa chuma, kwa hiyo ikabidi kubadilisha pampu, kusafisha reli, mabomba na tanki. Mwenye gari alikaa wiki tatu bila kazi, na marejesho ya mkopo yakiendelea.

Dada, hiyo ndiyo sababu yangu. Injini ya zamani nayo inaharibika. Tofauti ni kwamba inaharibika polepole, inakupa dalili, na inatengenezwa na mtu aliye karibu. Ikishawaka, 1HZ inahitaji umeme kwa kitu kimoja tu, ile solenoidi ndogo ya kukata mafuta pale kwenye pampu. Huo ni waya mmoja. Stata inahitaji betri, plagi za kupasha joto zinahitaji betri, basi. Mvua ikilowesha nyaya, panya akitafuna nyaya, ukivuka mto maji yakafika kwenye taa, injini itaendelea ilimradi bomba la mkonga liko juu ya maji na mafuta yanafika.

Na kuna jambo ambalo watu hulisahau. 1HZ ndiyo injini iliyofungwa kwenye Coaster nyingi zinazobeba abiria kila kona ya nchi hii. Kwa hiyo fundi aliyekuwa akifungua Coaster stendi ya Mpanda anaijua injini yako kabla hajaiona. Gasketi, pampu ya maji, mkanda wa taimingi, nozeli, vyote vipo dukani, na kama havipo leo vitakuja na basi la kesho. Kabla ya kufikiria 2.8, fanya utafiti huu mmoja: uliza ni nani Mpanda mwenye kompyuta ya kupimia inayoongea na gari hilo sawasawa, si ile ya kusoma namba za hitilafu tu, na kama ana vifaa vya kupima nozeli za reli. Akikujibu mtu kwa uhakika, na ukaona kwa macho, mizani inabadilika kidogo. Hata Toyota wenyewe walipoingiza ya 2.8 Afrika Kusini mwaka 2024 hawakuiondoa 1HZ sokoni siku hiyo, waliziuza pamoja. Wanajua kuna watu kama wewe.

Sasa niitendee haki ile mpya. Kwenye gereji yangu, mikonga ya 1HZ inayobeba mzigo inarudisha kilomita 7 au 8 kwa lita. Ya 2.8 ikiendeshwa kwa adabu inafika 10. Ukienda kilomita 2,500 kwa mwezi, ya zamani itakula lita 330 hivi, mpya 250. Lita 80 kila mwezi, zidisha kwa bei ya dizeli ya kwenu, uone kwa mwaka ni ngapi. Si pesa ya kudharau. Tena ya 2.8 inatumia cheni ya taimingi, wakati 1HZ ina mkanda wa kubadilishwa kila kilomita 100,000, na ukikatika, vali zinagonga pistoni. Halafu kuna usalama. Mikonga mingi ya zamani iliyoletwa huku haina ABS (breki zinazozuia magurudumu kujifunga) wala mifuko ya hewa. Kama ungekuwa unakimbia lami, Mpanda hadi Tabora na kuendelea Dar, usiku na mchana, mafuta kutoka vituo vikubwa, huduma kwenye gereji ya wakala, ningekuambia bila kusita chukua mpya. Breki na mifuko ya hewa vinaokoa watu, nami nimewahi kufungua mlango wa pikapu ya zamani kwa mtalimbo. Sitaki kulieleza zaidi hilo.

Ukiishia kwenye 2.8 licha ya yote niliyosema, uliza kama gari hilo lina chujio la masizi kwenye ekzosi. Matoleo ya baadhi ya nchi yanalo. Chujio hilo linajisafisha kwa kujichoma, na linahitaji mwendo wa kutosha ili lichome. Gari la safari fupi fupi na mwendo wa konokono kwenye matope halipati nafasi hiyo. Huko Australia, mwaka 2022, mahakama ya shirikisho iliamua kwamba machujio ya magari ya Toyota ya dizeli yaliyouzwa kati ya mwishoni mwa 2015 na Aprili 2020, zaidi ya 260,000, yalikuwa na kasoro. Hayo ni Hilux, Fortuner na Prado, na injini ni za familia hii hii. Yaliyofuata yalirekebishwa, kwa hiyo sikutishi, nakuambia tu ujue unachonunua. Na kabla halijatoka yadi, fungisha filta ya pili ya kutenganisha maji.

Turudi kwa mkonga wa 2013, maana hapo ndipo ninapoogopa zaidi. Sifa za 1HZ ni za injini, si za gari hilo moja aliloshika muuzaji wako. Gari la mnada limetoka mahali. Kama ni la mgodi, chesesi imekunywa maji na tope kwa miaka. Kama lilikuwa la doria au la wagonjwa, limesimama likinguruma saa nyingi bila kutembea, na mita inahesabu kilomita, haihesabu saa. Mita ya 140,000 inaweza kuwa juu ya injini iliyofanya kazi ya 300,000. Muulize lilikuwa la nani, na akisita, endelea kuuliza.

Nenda asubuhi, na mwambie mapema asiliwashe. Ukifika, kabla ya salamu ndefu, weka kiganja juu ya boneti. Kama ni ya moto, rudi nyumbani, uje siku nyingine. Injini ya dizeli iliyochoka huficha aibu yake ikishapata joto. Geuza ufunguo hatua ya kwanza uangalie dashibodi: taa iliyoandikwa T-BELT lazima iwake pamoja na nyingine, kisha izime injini ikiwaka. Kama haiwaki kabisa, kuna mtu alitoa balbu. Na hata ikizima usiridhike, kwa sababu taa hiyo inaweza kurudishwa sifuri bila mkanda kubadilishwa. Nimefungua mfuniko wa taimingi wa gari lililoapiwa kuwa na mkanda mpya, nikakuta mkanda una nyufa, na meno yake mawili yamebaki kiganjani mwangu. Usibishane na muuzaji juu ya mkanda. Hesabu tangu mwanzo kwamba utaubadilisha wiki ya kwanza, pamoja na beringi ya kuukaza, na bei yake uitoe kwenye bei ya gari.

Ikiwaka, tazama moshi. Mweupe unaodumu dakika nyingi ni mgandamizo uliopungua au nozeli zilizochoka. Wa bluu ni oili inayoungua. Mweusi ukikanyaga, ama filta ya hewa imeziba ama mtu ameifungulia pampu mafuta ili gari lionekane lina nguvu. Fungua kifuniko cha kuwekea oili injini ikiwa inaunguruma: pumzi kidogo ni kawaida, lakini ikipuliza kama chungu cha ugali kinachochemka, ringi zimekwisha. Tazama juu ya pampu, kama panavuja dizeli, seli (mipira ya kuzuia kuvuja) zimekauka, hilo linatengenezeka na ni la kushushia bei. Injini ikiwa bado baridi, fungua rejeta, mwambie mtu akanyage. Mapovu yakiendelea kupanda, kichwa kina ufa au gasketi imekwisha. Vichwa vya 1HZ havipendi joto kabisa. Kwa sababu hiyo hiyo, ukikuta gari lililofungwa tabo mitaani, au alama kwamba lilikuwa nayo ikatolewa, liache. Injini hiyo ina mgandamizo wa zaidi ya 22 kwa 1, ilibuniwa ivute pumzi yake yenyewe.

Lala chini uone zile nabo za mviringo nyuma ya magurudumu ya mbele. Grisi nzito kidogo pembeni si tatizo. Ukiona grisi imekuwa uji mwepesi unaotiririka, seli ya ndani imekufa na oili ya difu imeingia. Liendeshe mwendo wa 60 mpaka 80. Usukani ukitetemeka mkononi, ni beringi za nabo au bushi. Ingiza fowili (magurudumu yote manne yavute), ingiza na gia nzito, maana kuna magari yanayouzwa na wenzo wa gia ya fowili ambao haujaguswa miaka mitano na umeganda. Halafu piga tochi kwenye chesesi, nyuma ya kebini na pale springi za nyuma zinaposhika. Ukiona mshono wa welding, gari lilibebeshwa tani mbili na nusu mpaka likavunjika mgongo. Hilo usilinunue hata kwa nusu bei. Mwisho linganisha namba ya chesesi na ya injini na zilizo kwenye kadi, herufi kwa herufi. 1HZ ya Coaster inaingia kwenye mkonga bila shida kubwa ya kiufundi, lakini siku ya kubadilisha umiliki namba zisipolingana ni wewe utakayehangaika.

Kuhusu mkopo, sitaingia kwenye nyumba yako, lakini nitasema nilichokiona. Biashara ya mpunga ina miezi ya kukimbia na miezi ya kukaa. Marejesho hayana miezi ya kukaa. Mkonga mzuri wa 1HZ ukiutunza, baada ya miaka mitano utauza kwa bei itakayokushangaza, kwa sababu foleni ya wanaoutafuta haijawahi kukatika. Ile tofauti ya bei kati ya magari haya mawili, tenga sehemu yake ndogo uifanyie huyu wa zamani kazi zote mara moja: mkanda, pampu ya maji, mabomba ya rejeta, oili za difu zote mbili na gia boksi, seli za nabo, breki zote. Iliyobaki ni mtaji wa mpunga.

Na dereva wako, mwambie haya kutoka kwangu. Kila Jumatatu, kabla ya safari, alegeze kizibo cha chini cha filta akingie kopo la kioo, aliache litulie dakika tano, uone wewe mwenyewe kama kuna mstari wa maji chini. Oili abadilishe kila kilomita 5,000, asisubiri iwe nyeusi maana ya dizeli ni nyeusi kuanzia siku ya pili. Sindano ya joto ikipanda asimame, asiseme tutafika.

Ukienda kuliona gari, nipigie picha tatu: kizibo cha rejeta kikiwa kimefunguliwa, nabo ya mbele kushoto, na chesesi nyuma ya kebini. Na ukiweza, video ya dakika moja ya kuwasha asubuhi, simu ikiwa karibu na ekzosi. Usilipe hata shilingi ya kishika uchumba mpaka nimeziona.